Re: Nipandishe PCIe kutoka 100 mpaka 115 gemu ziwe nyepesi?
Mkuu usiiguse hiyo saa ya PCIe (mapigo ya njia inayounganisha kadi ya picha na bodi ya kompyuta), iache megahezi 100 ilivyokuja. Faida yake kiduchu, kadi mara nyingi haibanwi na hiyo njia, afu kwenye bodi nyingi saa hiyohiyo ndo inaendesha na diski, ukizidisha unakuta mafaili yamevurugika. Mi nilijaribu 112 gheto kwangu Sakina, skrini nyeusi tii feni zinazunguka tu, ikabidi nifungue kava nichomoe kabetri ka CMOS (kanakotunza settings za bodi) nisubiri dakika 10 ndo ikarudi. Kama unataka spidi kweli pandisha saa ya kadi yenyewe na programu ya MSI Afterburner, megahezi 20 20 hivi huku unacheki joto, ila kwa vumbi la Arusha hili anza kwa kupuliza feni aisee.