Jioni ya Rusinga inaniishia kabla ya picha

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu hapa Mbita. Nilinunua filta nyeusi ya stopu 10, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga, ili nipige miamba ya kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, upande unaotazama Mfangano, maji yatoke laini kama moshi. Jua lilipozama nilipiga sekunde 30, picha ikatoka nyeusi tititi. Nikapiga dakika nne. Bado giza, na miamba yenyewe imekuwa ukungu. Kisha kamera ikagoma dakika nne nzima, haipokei kitu. Iliporudi, usiku ulikuwa umeshaingia. Nimekosea wapi?

JIBU: Mwalimu, kamera yako haikugoma, ilikuwa kazini. Baada ya picha ndefu, kamera nyingi hufunga shata, yaani pazia linalopitisha mwanga, na kupiga picha ya pili ya giza tupu kwa muda uleule, kisha huitumia kuondoa vile vitone vyekundu na vya buluu, yaani chenga, kwenye picha yako. Ndiyo maana dakika nne zikawa nane. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele cha kupunguza chenga za picha ndefu, ukizime. Vitone vitakavyobaki utavifuta nyumbani kwenye kompyuta huku unakunywa chai.

Hata hivyo, ungekizima bado filta ile ingekunyima picha. Masomo mengi ya kazi hii hutoka nchi za kaskazini. London mwezi wa Juni jua huzama kwa mshazari, na mwangaza wa jioni hukaa zaidi ya dakika 40 ndipo giza likaze. Mtu ana nafasi ya kupiga picha ya dakika nane, akaikataa, akapiga nyingine. Sisi hapa tumekalia ikweta na jua letu hushuka wima. Mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, na kuanzia hapo una dakika 20 na ushei tu.

Sasa piga hesabu. Kila stopu moja hukata mwanga nusu, kwa hiyo stopu 10 huzidisha muda kwa 1,024. Sisi husema 1,000, yatosha. Tuseme robo saa baada ya jua kuzama, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/8, kamera bila filta inakuomba nusu sekunde. Ukiivalisha filta yako inataka sekunde 500, zaidi ya dakika nane, na ndani ya dakika hizo mwanga unazidi kukimbia, kwa hiyo hata nane hazitoshi. Filta ya stopu 6 huzidisha kwa 64, ukapata sekunde 32. Ya stopu 3 huzidisha kwa 8, ukapata sekunde 4.

Kwa hiyo filta ya stopu 10 itumie saa kumi na moja, jua likiwa bado juu. Likishazama, ivue uweke ya stopu 3, na baada ya robo saa ivue hata hiyo, maana giza lenyewe litakufanyia kazi ya filta bure. Usikimbilie tundu dogo kabisa la f/22 ili kurefusha muda. Picha nzima hupoteza ukali.

Na nikwambie ukweli, maji ya dakika nne siyapendi. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na ya harakaharaka, ukiyaacha muda huo wote yanalala kama bati. Jaribu sekunde moja au mbili. Chagua jiwe moja lenye ufa, subiri wimbi lipande juu yake, na ubonyeze pale tu maji yanapoanza kurudi. Utaona yanateremka kwenye ule ufa kama nyuzi nyeupe, na jiwe limebaki jeusi linameta. Likikukosa, wimbi lingine linakuja, na ziwa halina kupwa na kujaa kama Diani. Jiwe lako utalikuta hapohapo kesho.

Kuhusu ukungu wa miamba, ikuze picha hadi mwisho utazame ukingo wa jiwe. Ukiona kingo mbili, moja kivuli cha nyingine, tripodi ilisogea. Mimi iliwahi kunizamia pole pole kwenye kokoto za ufuo wa Dunga, Kisumu, jioni nzima nisijue. Zikite zile nyayo kwenye mwamba, usiinue nguzo ya katikati, vua mkanda wa kamera usipigwe na upepo, na tumia kihesabu cha sekunde mbili badala ya kubonyeza kwa kidole. Kama ukungu ni sawa kila mahali, basi hukulenga vizuri, yaani lenzi haikuwekwa ukali kwenye mwamba. Nyuma ya filta nyeusi kamera haioni kitu. Lenga kwanza filta ikiwa mfukoni, hamisha lenzi iwe ya kulenga kwa mkono, kisha skrubu filta taratibu huku umeshika pete ya lenzi isizunguke. Nadhani kosa lako liko hapa.

Usiingie majini kutafuta pembe nzuri, kichocho kipo. Viboko nao hutoka kula nyasi saa hizohizo unazopiga wewe, kwa hiyo nenda na mtu wa pale anayejua njia zao, yeye atazame nyuma wakati wewe unatazama mbele.

Usiku usio na mwezi, usifungashe mapema. Subiri wavuvi wa omena wawashe taa. Vua filta, weka f/4, ISO 800, sekunde 30. Mtumbwi ukiyumba, kila taa itaandika mstari wake uliopindapinda juu ya maji. Picha hiyo nitumie niione.