Jibu: Rejista ya hatari za tabianchi kwa shule na depo ya dawa, Kadutu

Mama mhasibu, swali lako nimelielewa hivi: taasisi yenu ina shule na depo ndogo ya dawa kwenye mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, mfadhili anadai rejista ya hatari za tabianchi pamoja na hesabu ya hewa ukaa kabla ya mwisho wa Juni, na kuna mtu amewauzia jedwali la nyekundu, njano na kijani. Jedwali hilo liwekeni kando kwanza. Watu wakiketi mezani kupima "uwezekano" kwa alama 1 hadi 5, kila kitu huangukia 3, na mwishowe radi, ukame na maporomoko vinalingana. Rejista ya Bukavu huandikwa kwa miguu, mvua ikinyesha.

Mchukueni mlinzi mwenye funguo, mfuate maji tangu kwenye bati hadi yanapotoka kwenu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 400 likipata milimita 50, hizo ni lita 20,000. Toa sehemu ya kumi inayoruka na kuvuja, zinabaki 18,000. Tangi la lita 5,000 linajaa mvua ikifika milimita 14 hivi. Lita 13,000 zilizobaki zinakwenda wapi? Wengi huliacha tangi lifurike pembeni, maji yanazama mteremkoni, udongo unakuwa mzito na kulegea, halafu lawama anatupiwa Mungu au tabianchi. Tena tangi likijaa lina tani 5. Likikaa ukingoni kwenye udongo wa kujaziwa linamsukumia ukuta jirani wa chini. Lihamishieni penye udongo mgumu uliochongwa, na bomba la kufurikia lisiwe jembamba kuliko la kuingilia, liishie kwenye mtaro wa saruji, si kwenye migomba.

Mdomoni mwa mtaro wekeni chujio la nondo, nafasi za sentimita 3 hadi 5, lilale kidogo ili chupa zipande juu yake badala ya kuziba. (Chupa hizo hizo ndizo zinazofika mto Ruzizi na kukwamisha mitambo ya umeme, kwa hiyo chujio ni hesabu ya giza pia.) Lisafishwe baada ya kila mvua, na awepo mtu mmoja wa kuulizwa. Kazi ya "wote" haifanywi.

Halafu mtazame juu ya kiwanja, si chini tu. Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, Mei 2023, zaidi ya watu 400 walikufa kwa maji na mawe yaliyoteremka kutoka milimani. Andikeni nani yuko juu yenu, anachimba nini, choo chake kinamwaga wapi. Ukuta wenu wa mawe uwe na matundu ya kutolea maji kila mita 1.5 hadi 2, na kokoto nyuma yake. Ukuta usio na matundu unabeba udongo pamoja na maji, na mara nyingi maji ndiyo yanayouangusha. Penye ufa pakeni bonge la plasta juu yake na mwandike tarehe: plasta ikipasuka, ufa unatembea. Milango inayoanza kukwama bila sababu, miti inayoinama, chemchemi mpya chini ya ua, hizo nazo ni ishara.

Mstari wa rejista basi unasomeka hivi: mteremko nyuma ya darasa la 4; ishara: plasta kupasuka; kizingiti (kiwango cha kuchukua hatua): ufa kupanuka milimita 3 kwa wiki au mvua ya milimita 60 kwa siku; tendo: darasa linahama siku hiyo hiyo kwenda jengo la mbele; mwenye kuamua: direkta, na asipokuwepo, msaidizi wake; fedha: kiasi fulani kilichotengwa. Namba hizo ni za kuanzia, fundi wa majengo azirekebishe kwa udongo wenu. Mvua ipimeni wenyewe kila saa 1 asubuhi kwa kipimo cha plastiki, mbali na paa na miti. Fedha ya dharura isikae yote benki. Tangu benki za mjini zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, jambo hilo halihitaji maelezo.

Radi isiachwe. Vipimo vya setilaiti vinaiweka Kabare, inayotuzunguka, ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo. Vifaa vya kuzuia mshtuko wa umeme wekeni kwenye sanduku kuu na kwenye waya wa sola. Ukinzani wa waya wa ardhini upimwe mwisho wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, na usizidi omu 10. Wakipima Aprili kwenye tope, mtapewa namba nzuri ya uongo.

Depo: maboksi juu ya palati angalau sentimita 10 kutoka sakafuni, sentimita 30 kutoka ukutani, rundo lisipite mita 2.5.

Sasa hewa ukaa, ambayo watu huiogopa bure. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hapa unatoka hasa kwenye maji ya Ruzizi, kwa hiyo msinakili kigezo cha hewa ukaa cha nchi inayochoma makaa ya mawe. Hewa yenu iko kwenye grupu (jenereta). Lita 1 ya mazutu (dizeli) hutoa kilo 2.68 za kaboni dioksidi. Grupu la kVA 20 kwa nusu mzigo hunywa lita 3 hivi kwa saa. Saa 4 kwa siku, siku 26, ni lita 312 kwa mwezi, 3,744 kwa mwaka, yaani tani 10. Tumieni risiti za mazutu na daftari la saa, zote mbili. Zikipishana sana, hamjapata kosa la hesabu, mmepata mazutu yanayotoka kwa mlango wa nyuma.

Kwenye urefu wetu wa mita 1,500 injini isiyo na turbo hupoteza sehemu ya kumi ya nguvu na zaidi, basi watu hununua grupu kubwa mno, kisha linawashia taa na kompyuta mbili. Chini ya theluthi ya mzigo mazutu hayaungui vizuri: masizi, mafuta mabichi kwenye bomba la moshi, injini inakufa mapema. Sola kwa ajili ya friji ya dawa na ofisi hupunguza hewa na hatari pamoja. Betri za risasi zisishuke chini ya nusu ya chaji. Makala (mkaa) ya jikoni nayo yaandikwe kwa kilo: kilo 1 hula kilo 5 hadi 8 za kuni, na mfadhili atauliza yametoka upande gani wa mbuga ya Kahuzi-Biega.

Bima: tangu sheria ya 2015 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake sokoni. Kabla ya kusaini, someni ukurasa wa yasiyolipwa. Maporomoko ya udongo mara nyingi yamejificha humo.

Mpelekeeni mfadhili kurasa mbili, nakala ya daftari la mvua na bei za kazi. Ujenzi ni Juni hadi Agosti, na saruji ya mtaro imwagiwe maji siku 7. Fedha ikichelewa hadi Septemba, wekeni bomba la kufurikia na chujio tu. Kuchimba msingi wa ukuta chini ya mteremko kwenye mvua ni kuukata mguu wa mlima. Uahirisheni hadi Juni nyingine, na darasa la 4 lisomee mbele.