Mapunye wiki ya kufungua shule: tatizo si krimu kukosa nguvu

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mwanangu ana miaka saba, Jumatatu anaanza darasa la pili. Tangu mwezi wa kumi ana mapunye kichwani. Duka la dawa walinipa tyubu ya krimu. Nikimpaka yanapoa, nikiacha yanarudi. Yalianza mabaka mawili, sasa ni matano. Jirani yetu fundi gereji anasema nimpake breki fluidi mara tatu tu, wanawe aliwapaka wakapona. Shuleni wanataka watoto waje wamenyolewa, na mwalimu mkuu anasema mwenye mapunye abaki nyumbani mpaka apone. Nimnyoe kipara nimpake hiyo breki fluidi, au kuna krimu yenye nguvu zaidi?
Mama wa watoto watatu, Mbagala

JIBU: Breki fluidi hapana, mama. Wala maji ya betri, wala petroli, wala mafuta ya taa. Nayataja yote kwa sababu kila Januari na kila Julai, shule zinapokaribia kufunguliwa, huletwa kliniki watoto waliopakwa kimojawapo. Maji ya betri ni asidi ya salfa. Breki fluidi ni kemikali za kuendeshea mitambo, na kichwa chenye mapunye kimejaa michubuko ya kujikuna, kwa hiyo sumu inapita kwenye ngozi kirahisi. Petroli inababua, na mtoto huyohuyo jioni anakaa karibu na jiko la mkaa.

Wale watoto wa fundi walipona vipi basi? Inawezekana walikuwa wakubwa. Mapunye mengi hupungua yenyewe mtoto anapobalehe, mafuta ya ngozi ya kichwa yanapobadilika, na ndiyo maana bibi zetu walizoea kusema "yataisha tu". Inawezekana pia kwamba ngozi iliungua mpaka mashina ya nywele yakafa. Mapunye huletwa na fangasi, na fangasi hawa wanaishi kwa kula nywele. Pasipoota nywele hakuna mapunye. Ukikutana na mtu mzima mwenye madoa ya upara yanayong'aa kichwani, muulize alipakwa nini utotoni.

Lakini kilichonifanya nijibu kwa urefu ni hayo maneno yako ya mwisho, "krimu yenye nguvu zaidi". Hayo nayasikia kila siku, kwa wazazi waliosoma na wasiosoma, na wakati mwingine kwa muuza dawa mwenyewe. Hakuna krimu ya kutibu mapunye ya kichwani. Usitafute ya bei juu, usiagize ya nje. Haipo.

Mwangalie mtoto wako sasa hivi, mpeleke penye mwanga. Kwenye baka utaona magamba ya kijivu na vidoti vyeusi vidogovidogo, kama vile ndevu za kesho yake baada ya kunyoa. Vile vidoti ni nywele zilizokatika usawa wa ngozi. Miongoni mwa fangasi tunaowakuta sana huku kwetu ni Trichophyton violaceum, na huyu hakai juu ya ngozi akisubiri kupakwa. Anaingia ndani ya unywele wenyewe, anashuka nao chini kwenye kitundu unakootea, anaujaza vijimbegu mpaka unakosa nguvu na kukatika. Ukipaka krimu unagusa magamba ya juu tu. Ni kupaka rangi nguzo inayoliwa na mchwa kwa ndani.

Krimu za fangasi zinafanya kazi vizuri kwenye mapunye ya mkononi, tumboni au shingoni, maana huko fangasi wako juu ya ngozi laini. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: kaka alipaka mkononi akapona, kwa nini mdogo wake wa kichwani asipone? Ugonjwa ni ule ule, makazi siyo.

Dawa ni ya kumeza. Inayopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu ni griseofulvini, ambayo imekuwa ikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake madaktari walikuwa wanapata taabu kweli. Israeli, katika miaka ya 1950, maelfu ya watoto wa wahamiaji walipigwa mionzi ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke, na miaka mingi baadaye waliugua uvimbe wa ubongo na saratani ya tezi ya shingo kuliko wenzao. Nayasema haya kwa mzazi anayeniambia "vidonge vikali, bora krimu". Vidonge hivi vimewatoa watoto kwenye mashaka makubwa. Mtoto mwenye ini zima akitumia kwa wiki chache, tunachokiona mara nyingi ni kuumwa kichwa kidogo, tumbo kuvurugika, au ngozi kusumbuliwa na jua. Mtoto mwenye ugonjwa wa ini, au anayetumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa, aseme mapema, kwa sababu fenobabitoni inapunguza nguvu ya dawa hii na pengine tutachagua nyingine. Terbinafini ipo, na kwa fangasi wa kundi hili huhitaji muda mfupi zaidi, kama wiki nne; mhudumu atakuambia ipi inamfaa.

Sasa, kipimo. Griseofulvini hutolewa kwa uzito, na kiwango kinachotumika sana ni kama miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 22 anahitaji karibu miligramu 440 kwa siku, kwa wiki sita hadi nane. Karatasi ninazoletewa zimeandikwa kidonge kimoja cha miligramu 125 kwa siku, siku saba. Hiyo ni chini ya theluthi ya dawa, kwa sehemu ya sita au ya nane ya muda. Halafu mzazi anasema vidonge navyo vimeshindwa! Usiichukue hesabu hii ukaenda kununua mwenyewe. Nimeiandika ili ukipewa dawa ya wiki moja ujue la kuuliza.

Muda unakuwa mrefu kwa sababu dawa haiwarukii fangasi ikawaua palepale. Inaingia kwenye unywele mpya unaoota, fangasi wanashindwa kuushambulia, na ule wa zamani unasukumwa nje polepole. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, basi haiwezekani kumaliza kwa wiki. Wiki ya pili hutaona tofauti kubwa, na hapo ndipo akina mama wengi wanapoacha. Mpe dawa baada ya chakula chenye mafuta: maziwa freshi, chapati, yai, parachichi, karanga. Akimeza na chai ya rangi, sehemu kubwa ya dawa inapita bila kufyonzwa.

Pamoja na vidonge, aoshwe kichwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu salfaidi, iachwe kichwani dakika tano ndipo isuuzwe. Shampuu haimponyi, inapunguza vijimbegu anavyowagawia wengine. Na hao wadogo zake wawili nenda nao. Mtoto anaweza kuwa na fangasi kichwani bila baka hata moja, akamrudishia kaka yake aliyekwisha kupona. Kama kuna maabara watakwangua magamba na kuyaangalia kwenye darubini. Isipokuwapo, magamba, nywele zilizokatika na vitezi kisogoni vinamtosha mhudumu mzoefu kuanza tiba. Baka likiwa laini kabisa bila gamba hata moja, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine.

Baka la mapunye likivimba likawa kama jipu, linabonyea, linatoa usaha, usikubali lipasuliwe. Hayo bado ni mapunye; mwili umepandwa na hasira juu ya fangasi. Nimeona makovu ya wembe yasiyo na sababu. Huyo aletwe siku hiyohiyo.

Kumnyoa si lazima ili apone, ila kama shule inataka, nyoa. Tatizo langu ni mashine. Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, watoto wamejaa kwenye benchi la kinyozi, mashine haipoi. Kinyozi anamaliza kichwa, anapitisha kitambaa chenye spiriti juu ya meno, anaita mwingine. Nywele fupi zimebaki zimekwama kati ya meno, na vijimbegu vimo ndani ya nywele hizo. Spiriti ya sekunde mbili haivifikii. Mashine yako mwenyewe ya nyumbani ni bora. Ukishindwa, mwambie apige brashi mpaka nywele zote zitoke ndipo aweke spiriti na kuiacha ikauke, na asikwangue mpaka ngozi itoke damu. Vitana, kofia, barakashia, hijabu na foronya kila mtoto awe na vyake. Vitana viloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji.

Kuhusu mwalimu mkuu, mpelekee karatasi ya kliniki. Mtoto akishaanza vidonge na shampuu anaweza kukaa darasani; kumsubirisha mpaka apone ni kumnyima wiki nyingi za masomo, huku mwenzake mwenye fangasi wasioonekana amekaa dawati hilohilo. Na tafadhali mapunye yasigeuzwe kuwa kesi ya uchafu wa mama. Yanawapata watoto wanaoogeshwa mara mbili kwa siku.

Nirudi kwenye tyubu yako. Isome. Ukikuta betamethasone au clobetasol, ndani yake mna steroidi, na nyingi za tyubu hizi zina dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Ndiyo maana yalikuwa "yanapoa". Steroidi inatuliza muwasho na wekundu, inanyamazisha mwili usipigane, na fangasi wanatanuka kwa raha zao. Kutoka mawili hadi matano, hesabu ni hiyo. Tyubu hizi zinauzwa kama pipi. Mama anampaka mtoto kichwani, anajipaka usoni kwa ajili ya chunusi, baba anajipaka mapajani, na mtoto mchanga anapakwa kwenye vipele vya nepi. Baada ya miezi ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi, imechora michirizi, na ugonjwa wa mwanzo umebadilika sura hata sisi inatubidi tuuachishe dawa kwanza ndipo tuutambue. Muuza duka la dawa muhimu akikupa ya kumaliza upele wa aina yoyote, mrudishie.

Mbali na wauza tyubu, kuna na kundi la pili, hawa wa mashine ya kushika mkononi. Unashika kidude, kompyuta inatoa kurasa nyingi, unaambiwa mtoto ana "fangasi kwenye damu" na anahitaji dozi ya unga wa kusafisha damu. Fangasi kuingia kwenye damu ni hasa ugonjwa wa wagonjwa mahututi, watu waliolazwa wakiwa na mirija mwilini. Mtoto anayecheza mpira hana. Mapunye hayakai kwenye damu, yanakaa kwenye unywele, na hakuna kidude cha kiganjani kinachoyaona. Kuna mzazi aliyelipia kopo la unga huo pesa ambayo ingetosha vidonge vya watoto wake wote mpaka mwisho. Ukielekezwa huko, waulize damu ilichukuliwa saa ngapi, ilioteshwa maabara gani, na fangasi aliyeonekana anaitwa nani. Kisha shika njia ya kituo cha afya kabla ya Jumatatu, na hiyo tyubu uende nayo tuione.