"Kingamwili zinazojishambulia": nani anamshambulia nani?

SWALI: Mimi ni mkalimani wa hospitali, naishi Marekani. Juzi nilikuwa na mama mmoja wa Tanga. Mwanawe wa kwanza ana kisukari aina ya 1, na wa pili alipimwa damu kuangalia kama naye yumo njiani. Majibu yaliposomwa nikamwambia: "Mtoto amepatikana na kingamwili mbili zinazojishambulia, kwa hiyo wametabiri kisukari." Akanikatiza: "Dada, unaniambia mwanangu ana ukimwi?" Nilikosea wapi?

JIBU: Pole, dada. "Kingamwili", yaani protini ambazo kinga hutengeneza ili kumlenga adui, ni neno sahihi, ila limekuja na jamaa zake. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini, na kwa miaka mingi watu wameyasikia maneno "kinga" na "mwili" kliniki yakiwa pamoja katika habari hiyo tu. Wewe nawe ukatanguliza "amepatikana na", maneno tuliyozoea kuyasikia kwa virusi na kwa hatia mahakamani. Mama wa watu angefikiri nini? Afadhali "zimeonekana kwenye damu yake". Kisha mweleze mapema kwamba kinga ya mtoto haijapungua. Ipo, ila imemkosea adui.

Sasa hilo "zinazojishambulia". Kiambishi -ji- humrudia mtenda. Juma akijikata, mwenye kisu ni Juma na mwenye kidole ni Juma. Kwa hiyo kingamwili zinazojishambulia ni kingamwili zinazomalizana zenyewe, na ingekuwa hivyo mama angerudi nyumbani anaimba. Kinachojishambulia ni mwili.

Ungeweza kusema "kingamwili zinazoushambulia mwili". Sarufi inakubali, lakini sentensi inadai zaidi kuliko wanavyodai madaktari. Katika kisukari aina ya 1, seli za kongosho zinazotengeneza insulini huangamizwa hasa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T. Kingamwili huonekana kwenye damu kama nyayo kwenye tope: zinakuonyesha kuwa mtu kapita, hata kama si nyayo zilizovunja mlango. Ndiyo maana napenda "dhidi ya", maneno yanayotaja kilicholengwa bila kumtaja muuaji. Kwa jumla sema "kingamwili dhidi ya mwili wenyewe". Ukifika kwenye karatasi ya maabara, taja moja moja: kingamwili dhidi ya insulini, dhidi ya GAD, dhidi ya IA-2, dhidi ya ZnT8 (hayo matatu ni majina ya protini zilizomo kwenye seli hizo za kongosho). Wapo wanaosema "kingamwili-nafsi". Sina ugomvi nao, ila mwenye nafsi yake akilisikia atadhani ni mambo ya roho.

Upatanisho usikusumbue: kingamwili hii, kingamwili hizi. Ki- ya "kinga" ni sehemu ya mzizi, haigeuki kuwa vi-.

"Mbili" nayo ina mtego. Mzazi atadhani vimeonekana vijidudu viwili. Sema "aina mbili", kwa sababu hesabu ya aina ndiyo yenye uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wa watoto wa Finland, Ujerumani na Colorado, ulionyesha kuwa kati ya waliokuwa na aina mbili au zaidi, takriban asilimia 70 walipata kisukari ndani ya miaka 10. Mwenye aina moja tu hatari yake ni ndogo zaidi kwa mbali.

Vitenzi sasa. Kingamwili hazitabiri kitu. *Zinaashiria*, na anayetabiri ni daktari. "Kubashiri" liache, siku hizi ukilitamka watu wanafikiria mkeka wa mechi za Jumamosi. Wala usiseme "dalili", maana dalili ni kiu, kukojoa mara kwa mara, kukonda, na mtoto huyu hana hata moja. Sema "kiashiria".

Kuna mahali ambapo kutabiri hakuna kazi. Mtu mzima wa miaka 40 sukari yake imeshapanda, wamemwandikia vidonge wakidhani ni aina ya 2, na vidonge havimfai kitu. Akipimwa zikaonekana kingamwili dhidi ya GAD, hapo daktari *anabaini* kuwa kisukari chake kinatokana na kinga yake mwenyewe, na huenda atahitaji insulini. Ugonjwa upo tayari. Kinachotafutwa ni aina yake. Kipimo ni kilekile, kitenzi kinabadilika.

Ningekuwa mimi kwenye kile kiti chako ningesema hivi: "Mama, mtoto hana ukimwi, wala kisukari hakijaanza. Kwenye damu yake zimeonekana aina mbili za kingamwili zinazolenga seli za kongosho lake. Ni kiashiria kwamba kisukari aina ya 1 huenda kikaja miaka ijayo, ndiyo maana daktari anataka kumfuatilia." Halafu ningenyamaza, nimwachie mama aulize.