Gurudumu Lisilogongwa

Swali la wiki hii mmeuliza: umewahi kumuuguza mtu wa nyumbani hadi ukaugua wewe mwenyewe, na ungependa nini kibadilike? Nimewahi. Ombi langu ni moja: anayempeleka mgonjwa kliniki naye apimwe.

Nina miaka 71, nakaa Tabora mjini, mstaafu wa reli. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua mabehewa pale stesheni, ambapo ya Kigoma na ya Mwanza hutengana. Treni ikisimama tulipita nayo ubavuni na nyundo za mpini mrefu, tukigonga gurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama debe, hata kama kwa macho halina kasoro yoyote.

Mei 2022, siku chache baada ya Idi, mke wangu alianguka jikoni na upawa mkononi. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulipooza, na maneno yakampotea, yakabaki mawili matatu. Alilazwa, hali ikatulia, tukaruhusiwa kurudi nyumbani na maelekezo: dawa za presha zisikatike, ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda, anyooshwe viungo asubuhi na jioni. Maelekezo yalikuwa mazuri, na yote yalimhusu yeye.

Kila baada ya saa mbili, hata usiku. Simu niliitegesha saa nne, saa sita, saa nane na saa kumi. Ikilia unaamka, unamkunja goti, unashika shuka uliyoitandika chini ya mgongo wake imekunjwa mara nne, unavuta taratibu kuja kwako, unamwekea mto nyuma asirudi chali. Ukipapasa ukakuta pamelowa, unaanza upya: maji, taulo, shuka kavu. Ukimaliza usingizi umeshakuruka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inanikuta macho wazi, nahesabu mbao za dari.

Mchana ni kuinua. Kitandani kwenda kwenye kiti, kitini kwenda bafuni, bafuni kurudi. Mke wangu ana mwili. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwinua mtu, nami niliinua kama nilivyoinua vyuma vya reli ujanani, kwa mgongo na kwa nguvu. Mwezi wa tisa, nikioga, nikaona uvimbe kinenani. Nikilala unaingia ndani, nikiinua unatoka. Nilijua ni ngiri, na nikanyamaza karibu mwaka mzima, maana nilijiuliza swali moja tu: nikilazwa, nani atamgeuza? Sikupata jibu, basi nikaona heri nisiseme.

Mengine yalikuja polepole, hata sikuyaona. Chakula changu kikawa uji aliobakiza. Swala ya jamaa nikaacha, nikawa naswali chumbani pembeni ya kitanda. Wenzangu walikuwa wanacheza bao chini ya mwembe, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kete zao nilikuwa nazisikia dirishani, lakini sikutoka. Watu wakiniuliza hali najibu, "Mama anaendelea vizuri." Hakuna aliyegundua kwamba nimejibu swali ambalo sikuulizwa. Hata mimi sikugundua.

Mashine ya presha binti yetu aliituma kutoka Mwanza wiki ya kwanza. Kila asubuhi nilimfunga mke wangu mkanda mkono wa kushoto, nikasoma namba, nikaandika kwenye daftari. Ilikaa mezani mwaka mmoja na miezi mitano. Katika siku zote hizo sikuufunga ule mkanda kwenye mkono wangu hata mara moja.

Oktoba 2023 tulikwenda kliniki. Siku hiyo nilikuwa nimemvalisha vizuri, kilemba cha zambarau, yuko wima kwenye kiti chake cha magurudumu. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, macho yamefumba. Binti mmoja mwanafunzi wa uuguzi akaja akanifunga mkanda mimi. Nilitaka kumwambia amekosea, akanizuia: "Usiongee kwanza, babu." 192 kwa 114. Akanyamaza, akapima mkono wa pili, ikawa vilevile. Alipoangalia jina kwenye faili ndipo akajua mgonjwa aliyetumwa kumpima ni mwingine. Mke wangu siku ile alikuwa na 130 kwa 80.

Namshukuru Mungu kwa kosa la yule binti. Isingekuwa yeye, leo pengine tungekuwa wawili kitandani.

Mjukuu wangu naye anasomea uuguzi, na baada ya tukio lile alinitafutia maandiko akanisomea. Marekani, mwaka 1999, watafiti wawili, Richard Schulz na Scott Beach, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee 819 wa miaka 66 hadi 96 kwa takribani miaka minne. Waliokuwa wanauguza wake au waume zao na kuelemewa, hatari yao ya kufa ilizidi kwa asilimia 63 ukilinganisha na wasiouguza. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha tofauti ya maana. Hapo nilimwambia asome tena. Kumbe kuuguza siyo kulikokuwa kunaniua. Kilichokuwa kinaniua ni kubeba bila wa kunipokea. Akanisomea na utafiti mwingine wa 1995, wa Janice Kiecolt-Glaser na wenzake. Wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopotewa na kumbukumbu walitiwa kidonda kidogo mkononi, na kilichukua siku tisa zaidi kupona kuliko cha wanawake wasio na mzigo huo. Mwili uliochoka unachelewa hata kujiziba.

Kuna jambo lazima niliseme. Pale kliniki nilisifiwa sana. "Mzee, wewe mume wa kweli!" Benchi hilohilo walikaa wanawake wanne, mmoja na mama mkwe, mwingine na mtoto wa miaka kumi na kitu asiyeweza kushika shingo, na hakuna aliyewapa neno. Kwao inahesabika ni wajibu. Shirika la Kazi Duniani liliandika mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya kazi ya kulea na kuhudumia bila malipo hufanywa na wanawake. Kama mimi niliyesifiwa nilifika 192, wao wako wapi? Hawapimwi, hatujui.

Ngiri nilifanyiwa upasuaji Januari 2024. Kijana wetu wa Dar es Salaam alikuja kunipokea kwa likizo yake ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2004 iliweka siku nne za ruhusa kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, na kwa kifo cha mzazi au mwenzi. Mzazi akiwa anaugua bado hajafa, basi ilikuwa ni likizo yako. Majirani walipanga zamu ya usiku, na wazee wa bao walinishangaza: wawili walikuja kujifunza kumgeuza.

Kwa hiyo ombi langu halihitaji jengo jipya. Mashine iko mezani tayari, muuguzi ameshakaa. Amalizapo kwa mgonjwa, mkanda uhamie kwa aliyemleta, aulizwe amelala saa ngapi na nani anampokea, na iandikwe kwenye faili lilelile. Na kabla mtu hajaruhusiwa kwenda nyumbani na mgonjwa asiyeinuka, aonyeshwe kuinua kwa magoti, afanye mbele ya muuguzi hadi aweze. Reli hatukuruhusu behewa liende Kigoma bila kugonga magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma.

Daftari letu sasa lina safu mbili. Mke wangu bado hasemi sana, lakini nikimaliza kumpima anaufungua mkanda mwenyewe kwa mkono wa kushoto na kuninyooshea. Nikijidai nina haraka, hauachii. Leo asubuhi yeye 128 kwa 79, mimi 146 kwa 88.