Kwa mwalimu mpya anayesahihisha insha

Rundo lako la kwanza la insha likifika mezani, utaazimia kumtendea haki kila mwanafunzi. Azimio hilo ni jema lakini halitoshi, kwa kuwa mengi yanayouyumbisha mkono wetu hatuyahisi.

Mwaka 1920 mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyopimwa na wakubwa wao: umbo, akili, uongozi, tabia. Alama hizo zilifuatana kupita kiasi. Aliyesifiwa kwa jambo moja alisifiwa karibu kwa yote.

Jaribio linalonigusa zaidi ni la wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson, la mwaka 1977. Wanafunzi wa chuo kikuu walitazama video ya mwalimu mwenye lafudhi ya kigeni. Kundi moja lilimwona akiwa mchangamfu, jingine likamwona, yeye yuleyule, akiwa mkavu asiye na bashasha. Wengi wa waliomwona mchangamfu waliipenda sura yake, na karibu nusu yao hata lafudhi yake. Wale wengine, wengi wao, walisema lafudhi inakera. Walipoulizwa kama kumpenda au kumchukia kumewaathiri, walikana, na waliomwona mkavu wakadhani ni lafudhi iliyowafanya wamchukie. Hawakuwa wakidanganya. Hivyo ndivyo walivyojiona.

Basi usijiulize, "Je, nina upendeleo?" Utajijibu hapana, kwa moyo safi kabisa. Badilisha utaratibu wa kazi. Mitihani ya taifa hutumia namba ya mtahiniwa badala ya jina. Nawe darasani kunja ukurasa wenye jina. Sahihisha swali la kwanza kwa wanafunzi wote, kisha changanya karatasi ndipo uingie la pili, ili jibu zuri la mwanzo lisilibebe jibu bovu linalofuata. Mwandiko ni mgumu zaidi kuukwepa, maana huwezi kuuficha. Hapo orodhesha hoja unazozitaka kabla ya kufungua karatasi yoyote, na utoe alama kwa hoja iliyopo, hata kama imeandikwa kwa kukwaruza.

Ukimaliza, mpe mwenzako naye asahihishe karatasi chache ambazo alama ulizotoa hukuziandika juu yake. Mkitofautiana, msibishane nani mkali. Fungueni mwongozo wa usahihishaji, mwende hoja kwa hoja, mkianza na karatasi ambazo mmoja wenu hakuwa na shaka nazo hata kidogo.