Binti yangu hataki tena kupigwa picha

SWALI: Mhariri, binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba, na ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tangu kuzaliwa. Wenzake wanamwita "Manjano" kwa sababu ya macho yake. Wasichana wa rika lake wameshaanza kuota matiti, ilhali yeye bado ana mwili wa mtoto. Hataki kupigwa picha, na nimegundua kwamba chupa yake ya maji hurudi nyumbani ikiwa imejaa. Kila siku namwambia kuwa ni mzuri, lakini hukasirika. Nifanye nini?
Mama M., Tabora

JIBU: Pole sana, mama. Naanza na chupa ya maji, kwa kuwa hilo haliwezi kusubiri. Figo za mwenye selimundu hushindwa kubana maji kama za watu wengine, hivyo mkojo huwa mwingi, na mtoto anayeona haya kuomba ruhusa ya kwenda chooni mbele ya darasa zima huona heri avumilie kiu. Muulize kwa upole kama ndivyo ilivyo. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayochochea chembe nyekundu za damu kujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Kwa hiyo nenda ukaonane faragha na mwalimu wa darasa, umwombe binti aruhusiwe kunywa maji wakati wowote na kutoka bila kunyoosha mkono, na jina hilo la utani likomeshwe bila yeye kusimamishwa mbele ya wenzake.

Kumwambia kuwa ni mzuri ni upendo, lakini hakujibu swali linalomsumbua, nalo ni kwa nini mwili wake uko hivyo. Ana umri wa kutosha kuelezwa ukweli. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi, na zake huvunjika baada ya wiki mbili au tatu tu. Mabaki yake ndiyo yanayoyapa macho rangi ya manjano. Rangi hiyo si uchafu, wala haimwambukizi mtu. Mtoto mwenye maneno yake mwenyewe ya kumjibu anayemtania hujisimamia vizuri kuliko yule anayetetewa na mama kila mara.

Kuhusu kukua, selimundu huchelewesha balehe, mara nyingi kwa mwaka mmoja au miwili au zaidi, na wengi huja kuwafikia wenzao. Hata hivyo, kwa kuwa ametimiza miaka 13 bila dalili yoyote ya matiti, mwombe daktari wa kliniki yake ampime urefu, uzito na hatua ya balehe. Mpe pia nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake, maana yapo ambayo binti hawezi kuyauliza mbele ya mzazi.

Manjano yakizidi ghafla, au akipata homa, weupe wa viganja au maumivu ya tumbo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akianza kukataa dawa, kujitenga na kila mtu au kusema hataki kuishi, usingoje tarehe ya kliniki.

Picha zinaweza kusubiri. Msimlazimishe, na ndugu wasimpige picha kwa siri.